Je, Ibada ya Lazima ni Ibada?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mchungaji wa wanafunzi katika chuo kimoja cha theolojia. Kila Jumatano saa nne asubuhi masomo yalisimama, kengele ililia, na chuo kizima kilikwenda kanisani. Mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza daftari la mahudhurio. Mwanafunzi aliandika jina, akasaini, akaingia. Aliyekosa mara tatu bila ruhusa aliandikiwa barua. Aliyezidisha hapo aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Daftari hilo nililitunza mimi.

Naomba nikiri mapema kwamba sikuwa mgeni wa mambo ya daftari. Nilipokuwa mwanafunzi, rafiki yangu wa chumba kimoja alikuwa mzito wa kuamka, nami nilimsainia mara nyingi. Wiki za mitihani alinilipa fadhila. Jina langu lilikuwa ibadani, mimi nikiwa kitandani na kitabu cha Kiyunani. Hakuna aliyewahi kutugundua. Kwa mujibu wa daftari tulikuwa waabuduo waaminifu.

Mwaka mmoja niliona katika daftari kwamba kijana wa mwaka wa pili amekosa Jumatano sita mfululizo. Barua alikuwa ameshaandikiwa. Tukamwita kwenye kamati. Nilimsomea tarehe zote sita. Akajibu, "Ni kweli, Mchungaji." Tulipomwuliza sababu alinyamaza. Ukimya wake tuliuona kuwa kiburi, tukamzuia kwenda kwenye mazoezi ya kuhubiri muhula mzima. Mimi ndiye niliyesaini barua hiyo.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa jikoni alinisimamisha njiani. "Mchungaji," akasema, "yule kijana mliyemwadhibu, kila Jumatano kengele ikilia anakuja kwetu nyuma ya jiko. Anakaa anachambua mchele na sisi. Mama yake amefariki mwezi wa tatu. Anasema nyimbo zenu ndizo zilizoimbwa kaburini, akizisikia anarudi palepale."

Nilikwenda bwenini jioni ile. Nilimwomba radhi, kisha nikamwuliza kwa nini hakutueleza. Alitazama chini kwa muda, akasema, "Nilijua mnanihesabu, Mchungaji. Nilikuwa nasubiri mnitafute."

Maneno hayo yamenifuata tangu siku hiyo, nami sijui kama nimemaliza kuyajibu. Yanagusa swali ambalo kila chuo cha Kikristo kinalo, na kila usharika pia: je, ibada anayolazimika mtu kuhudhuria ni ibada? Na kama si ibada, tuwaache tu watu waje wanapojisikia?

Tuanze na wanaosema lazima haifai. Wana hoja, tena ya Biblia. Isaya 29:13 inalaumu watu wanaomkaribia Mungu kwa midomo huku mioyo yao iko mbali. Bwana Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kwamba Baba anawatafuta watu wa kumwabudu katika roho na kweli, Yohana 4:23. Roho ya mtu haisaini daftari. Hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inaihesabu ibada kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi. Ingekuwa aibu serikali ikijua jambo hili na kanisa likalisahau. Tena tukumbuke kwamba katika vyuo vingi vya makanisa wanasoma vijana wa madhehebu mengine na Waislamu, waliokuja kujifunza ualimu, uuguzi au sheria. Kumlazimisha mtu wa namna hiyo aimbe asichokiamini ni kumfundisha uongo ndani ya nyumba ya Mungu.

Upande wa pili nao wana hoja. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Wanasema mtu akingoja ajisikie ndipo aombe, ataomba siku ya msiba na siku ya mtihani tu. Kwa mwanafunzi wa theolojia wanaongeza jambo la haki kabisa: yeye anaandaliwa kuongoza ibada, na alipojaza fomu ya kujiunga alikubali utaratibu wa chuo. Muuguzi mwanafunzi hachagui siku ya kuingia wodini. Huyu atachaguaje siku ya kuingia kanisani?

Sisi Walutheri hukimbilia kwa Luther tukikwama, nami nilikimbilia huko. Katika utangulizi wa Katekisimo Ndogo, mwaka 1529, nilikuta mambo mawili yanayoonekana kugongana. Kwanza, Luther anasema asilazimishwe mtu yeyote kuamini wala kushiriki Meza ya Bwana. Wachungaji wahubiri kwa namna ambayo watu wenyewe wataitambua haja yao, mpaka waje kuwahimiza wachungaji wawahudumie. Lakini katika utangulizi huohuo anasema wale wasiotaka kabisa kujifunza katekisimo, wazazi na wakuu wa nyumba zao wawanyime chakula na kinywaji!

Hilo la chakula siwezi kulifuata. Luther aliishi wakati ambapo mtawala na kanisa walishika fimbo moja, na fimbo hiyo iliwaumiza wengi. Hata hivyo kuna tofauti anayoigusa ambayo inanisaidia. Kujifunza ni jambo moja, kuamini ni jambo jingine. Nyumba inaweza kuwa na utaratibu wa kujifunza, ikamtaka kila aliyeingia aufuate. Imani haiko chini ya utaratibu huo. Hiyo inazaliwa na Roho Mtakatifu kwa njia ya Neno, wakati anaoutaka Yeye. Chuo kinaweza kumwomba mwanafunzi alete masikio yake. Moyo wake hakina mamlaka ya kuuagiza.

Nilidhani hapo nimefika, mpaka nilipokwenda Tabora kwa semina ya watumishi. Padre mmoja tuliyefahamiana katika semina hiyo alinikaribisha nifike naye Kipalapala, nje kidogo ya mji, ilipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo. Wakatoliki wameandaa mapadre mahali hapo tangu mwaka 1925. Wakristo wengi wa umri wangu, hata wasio Wakatoliki, wamewahi kushika kitabu cha Kiswahili chenye herufi TMP, nacho kilitoka Tabora, kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni.

Nilikaa kiti cha nyuma wakati wa masifu ya jioni. Zaburi ziligawanywa kwa pande mbili: upande huu unasali ubeti, upande wa pili unasikiliza, kisha wanabadilishana. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa anasinzia waziwazi, kichwa kikianguka na kuinuka. Zaburi ikaendelea bila yeye, ubeti baada ya ubeti, hadi akazinduka na kudaka mstari uliokuwa midomoni mwa wenzake. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tulipotoka nilimwuliza Padre kama huko alikosoma yeye walikuwa wakihesabiwa. Akacheka. "Mchungaji, kila mmoja alikuwa na kiti chake. Kiti kikiwa kitupu, wa kwanza kujua alikuwa jirani yake, na ndiye aliyekwenda kugonga mlango." Kisha akaongeza, "Kuna siku sikuwa na sala hata moja ndani yangu. Nilikaa, wenzangu wakasali. Siku nyingine ilikuwa zamu yangu kuwabeba."

Nilirudi mjini jioni hiyo nikiwa nyuma ya bodaboda, vumbi na harufu ya miembe njiani. Msomaji anajua kwamba eneo hili lilikuwa njia panda ya misafara. Karne ya 19 njia kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Ilipita pembe za ndovu, nguo na shanga. Ilipita pia watumwa.

Katika njia hiyohiyo walitembea watu wa namna mbili. Kulikuwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliopatana ujira wao, wakajitwisha mizigo na kwenda pwani na kurudi. Kazi hiyo ilikuwa sifa kwa kijana. Na kulikuwa na waliofungwa minyororo, wakasukumwa. Wote waliamka alfajiri, wote walikanyaga mchanga uleule, wote walichoka. Mtu aliyepita siku moja baadaye akatazama chini asingeweza kuzitofautisha nyayo zao.

Nikalikumbuka daftari langu. Daftari linarekodi nyayo tu. Halijui nani amekuja kama mpagazi na nani kama mfungwa. Halimjui aliyesainiwa na rafiki yake. Na yule aliyekaa nyuma ya jiko akichambua mchele kwa uchungu limemwandika mtoro.

Lakini mfano huu una upande wa pili, na haki ni kuutaja. Mpagazi wa hiari naye alikuwa chini ya utaratibu. Msafara ulipoondoka, hakuna aliyebaki amelala kwa sababu siku hiyo hajisikii kutembea. Hiari yake haikumaanisha kwamba kila asubuhi anaamua upya. Alikwisha kuamua siku alipopatana, na utaratibu ulimsaidia kulitimiza neno lake siku ambazo miguu ilikataa. Ndoa iko hivyo. Ubatizo wetu uko hivyo. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila kengele ni mnyororo.

Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe walikuwa na kituo hapo Kipalapala, wakalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Nimejiuliza mara nyingi: mtoto aliyetolewa kwenye mnyororo, kisha akaamshwa kwa kengele ili akasali, aliisikiaje kengele hiyo? Huenda kwa mmoja ilikuwa sauti ya nyumbani na kwa mwingine ilikuwa amri ya bwana mpya. Kengele ni ileile. Tofauti lazima iliwekwa na mtu aliyeipiga, na jinsi alivyomtendea mtoto baada ya sala.

Yuko mmoja wa watoto wa namna hiyo ambaye habari zake tunazo. Jacob Wainwright alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, India. Shule za misheni za wakati huo zilikuwa na sala kwenye ratiba kama zilivyokuwa na hesabu. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa watu waliotumwa kutoka pwani kumfuata David Livingstone, aliyekuwa akiwasubiri Kwihara, karibu kabisa na Tabora. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hapakuwa na mchungaji wala padre. Wenzake, akina Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakamwomba Jacob asome ibada ya maziko. Akasoma. Kisha waliuchukua mwili wakarudi nao kwa njia ya Unyanyembe hadi Bagamoyo.

Sijui Jacob alihisi nini miaka yote ya sala za shuleni. Ninachojua ni kwamba siku ilipofika ambayo maneno hayo yalihitajika porini, yalikuwapo. Mtu fulani alikuwa amemfundisha. Hapa ndipo wanaotetea kengele wana haki yao kamili. Ibada inatujengea akiba ambayo hatujui tutaitumia lini. Mwanafunzi anayesinzia Jumatano hii huenda miaka kumi ijayo atasimama kitandani pa mgonjwa usiku wa manane, na kitu pekee kitakachotoka kinywani mwake kitakuwa sala aliyoisikia akiwa nusu usingizini.

Basi, kama kengele ina faida, na daftari haliwezi kupima moyo, tufanye nini? Nilirudi kwenye Luka 15. Nimehubiri mfano wa kondoo aliyepotea mara nyingi, lakini kulikuwa na jambo dogo sikuliona. Mchungaji wa mfano ule naye alihesabu. Asingehesabu, asingejua kwamba tisini na tisa si mia. Kuhesabu, kwa hiyo, si dhambi. Swali ni lile analofanya mtu akishagundua kwamba mmoja hayupo. Mchungaji wa Bwana Yesu aliacha wote akaenda kutafuta. Mimi niliandika barua.

Kijana wangu alikuwa amenihubiria mfano huo kwa sentensi mbili pale bwenini, nami mwalimu wake sikuutambua.

Najua kuna watakaonikumbusha Luka 14:23, pale mwenye karamu anapomwagiza mtumwa wake awashurutishe watu waingie. Mstari huo umetumiwa vibaya tangu zamani kuhalalisha fimbo. Tuwatazame wanaoshurutishwa ni akina nani. Ni watu wa barabarani na kwenye mipaka, ambao hawaamini kwamba karamu ya mtu mkubwa inaweza kuwahusu. Hao hushurutishwa kwa kubembelezwa, kama bibi anavyomshurutisha mgeni ale: anamshika mkono, anamwambia hatoki bila kuonja. Waliokataa mwaliko kwa jeuri hawakuburutwa na mtu.

Niliporudi chuoni nilipendekeza mabadiliko machache. Ibada ya Jumatano ibaki, na kengele ilie. Daftari libaki pia, lakini lisihusike na alama wala adhabu, na lisiende kwenye kamati. Kabla ya jua kuzama siku hiyo, kila asiyeonekana awe ameulizwa hali na mtu mmoja: mwenzake wa chumba, mwalimu, au mimi. Na yule ambaye hawezi kuimba aruhusiwe kukaa kimya nyuma, bila kuulizwa maswali mlangoni.

Si wote waliokubali. Mwalimu mwenzangu, mtu mwenye busara, aliniambia, "Umewafungulia mlango wavivu." Alikuwa na ukweli. Muhula ule mahudhurio yalishuka, na hadi ninahama chuo hicho hayakuwa yamerudi yote. Sitaficha hilo. Wapo waliolala tu. Nilipokwenda kuwauliza hali, niliwakuta wamejifunika shuka, wazima kabisa, nami nikawaambia nimewakosa. Wengine walicheka. Mmoja aliona haya kuliko ambavyo barua yoyote ingemfanya aone. Lakini katika muhula huohuo nilimkuta mgonjwa ambaye hakuna aliyejua anaumwa, na msichana ambaye ada ilikuwa imekwama, aliyekuwa akifunga virago kimyakimya saa ya ibada kwa kuwa ndiyo saa pekee ambayo bweni lilikuwa tupu. Kama tungeendelea na barua, ya kwake ingemkuta amekwisha kuondoka.

Na yule kijana? Jumatano moja nilimwona amesimama nje ya mlango wakati tunaimba. Wimbo ulipokwisha na somo kuanza, akaingia, akakaa kiti cha mwisho. Alitoka kabla ya wimbo wa kufunga. Wiki iliyofuata alifanya vilevile. Sikumwambia neno. Nilijua kwamba mtu huyu anamwabudu Mungu kwa gharama kubwa kuliko mimi niliyekuwa madhabahuni.

Nimeandika haya kwa ajili ya sharika zetu pia, maana daftari halipo vyuoni tu. Tunalo jumuiyani. Tunalo kwa watoto wa kipaimara, wanaotakiwa kuthibitisha kwamba walikuwepo Jumapili. Tunalo la ahadi na sadaka. Haya yote yana kazi njema, nami siwaambii wazee wa kanisa wayachome moto. Lakini tumewahi kukaa kwenye msiba, mwili uko ndani, wafiwa wanangoja mchungaji, na mtu akasema, "Lakini marehemu hakuwa anaonekana jumuiyani." Ndipo daftari linafunguliwa. Linaonyesha miezi minane ya nafasi tupu mbele ya jina lake.

Mbele ya daftari la namna hiyo, swali letu la kwanza huwa: huyu alikuwa wapi? Nadhani mbele za Mungu swali la kwanza litakuwa: ninyi mlikuwa wapi miezi minane? Mlijua tangu mwezi wa kwanza. Mliandika. Kama mara ya kwanza tunamfuata mtu aliyekosekana ni siku ya kujadili kama azikwe na kanisa, basi tulihesabu bure.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kuhudhuria kwa lazima si ibada bado, lakini panaweza kuwa mahali ambapo ibada itazaliwa, endapo anayeita watu anawapenda kuliko anavyoipenda idadi yao. Kengele iendelee kulia. Akikosekana mmoja, tusiandike barua kwanza. Twende tugonge mlango. Huenda tukamkuta amelala. Huenda tukamkuta nyuma ya jiko, na bakuli la mchele mapajani, akingoja mtu aje.